Je, kuandika habari za ugonjwa wangu ni kumlalamikia Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Niko Makambako, nina saratani ya shingo ya kizazi. Nilipigwa mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, lakini imeshasambaa na sasa napewa dawa za kutuliza maumivu tu. Usiku silali, basi huandika hali yangu kwenye kundi la WhatsApp la wagonjwa wenzangu wa Mbeya, Njombe na Songea. Wananielewa kuliko ndugu zangu. Shemeji anasema namlalamikia Mungu na najifutia thawabu za subira. Tena amefariki mwenzetu mmoja wa Tukuyu, Mkristo. Sikuwahi kumwona kwa macho, lakini nimemlilia sana. Nina dhambi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Allah akupunguzie maumivu. Huna dhambi, na thawabu zako hazijafutika.

Kinachoharibu subira ni kuichukia hukumu ya Allah, kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Kusema kwamba mwili unauma ni jambo jingine kabisa. Bibi Aisha (r.a.) aliumwa kichwa akalia, "Ole, kichwa changu!" Mtume (s.a.w.) hakumkemea; alimjibu kuwa na yeye kichwa kinamuuma. Na Ibn Mas'ud (r.a.) alipomkuta Mtume ana homa kali, Mtume alimwambia kuwa homa yake ni kama ya watu wawili. Yote mawili yamo katika Sahihi ya Bukhari. Ikiwa mbora wa viumbe alimweleza sahaba wake ukali wa homa yake, nani atakukataza kuwaambia wenzako kuwa kiuno hakikukupa usingizi?

Huenda shemeji anashikilia kauli ya Nabii Yakub (a.s.), kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu tu (Yusuf, aya ya 86). Na asome aya mbili za kabla yake. Yakub aliyasema hayo mbele ya wanawe waliokuwa wakimlaumu kwa kumtaja Yusuf kila mara, macho yake yakiwa yameshakuwa meupe kwa huzuni. Hakuificha.

Huku kwetu nyanda za juu Waislamu si wengi, na baridi ya Juni ikishika watu hujifungia ndani mapema. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Wasiokuja kukuona ndio wa kuulizwa kwanza, kabla yako wewe kuulizwa unaandika nini. Hao wa kundini wamekuzuru kwa njia waliyoiweza.

Na huyo wa Tukuyu: lilipita jeneza la Myahudi, Mtume akasimama. Alipoambiwa ni Myahudi, akasema, "Kwani si nafsi?" Machozi yako hayana ubaya, naye Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim. Wape pole jamaa zake. Kumwombea maghfira aliyekufa nje ya Uislamu wanachuoni wamekukataza kwa aya ya 113 ya Surat Tawba, na sikufichi hilo ingawa najua litakuuma. Waombee watoto wake faraja na uongofu.

Unapoandika, chunga ulimi. Siri za mumeo zibaki ndani, na picha za mwili wako usizitume, kwani simu za watu hushikwa na wengi. Madeni na wasia viandike pembeni, mbele ya mashahidi, wala usichelewe. Maumivu yakizidi hata ukatamani kufa, Mtume ametufundisha la kusema: "Ewe Allah, niache hai maadamu uhai ni heri kwangu, na unifishe ikiwa kifo ni heri kwangu." Hayo unaweza kuyaandika hata kundini, wenzako waitikie amina.

Wallahu aalam. Shemeji akirudi na maneno yale, mpe namba yangu anipigie mimi. Wewe endelea kuandika.