Trela ya taharuki iliyopigwa Lamu: kata kabla mlango haujafunguka

Trela, yaani video fupi ya kutangaza filamu, ikiwa ya taharuki huuza swali. Mtazamaji akishajua nani katekwa, nani kamteka na kama karudi salama, hana tena sababu ya kununua tikiti. Kwa hiyo kabla hujafungua programu ya kuhariri, andika swali lako kwa sentensi moja: mashua imerudi gatini bila nahodha, yuko wapi? Shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) isiyolichochea swali hilo itoe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Theluthi ya mwisho ya filamu usiiguse kabisa.

Urefu ni dakika mbili, mbili na nusu zikizidi. Nusu dakika ya kwanza iache itulie: baraza, wazee, punda na mizigo yake, shoti za sekunde nne au tano. Kisha jambo moja tu liharibike. Kuanzia hapo shoti zifupike taratibu, mpaka mwishoni kila moja ibaki fremu 8 hadi 12, karibu theluthi hadi nusu ya sekunde. Wengi huanza kwa kasi hiyo tangu sekunde ya kwanza, na ikifika dakika moja jicho limechoka, pa kupandia hapapo tena. Baada ya mbio hizo weka giza, jina la filamu, na shoti moja ya mwisho ya kushtua.

Kazi kubwa lakini ni ya sauti. Lamu imejaa sauti zinazotosha bila ngoma za kununua: kwato kwenye kichochoro cha Mkomani, komeo la mlango wa nakshi, tanga likipigwa na upepo. Kabla ya mshtuko zima kila kitu kwa fremu 10 hadi 15, uache pumzi ya mtu mmoja. Mshtuko hutoka kwenye ukimya huo. Ukiikandamiza sauti yote ilingane kwa ukubwa, tofauti hiyo hupotea, na YouTube nayo itaishusha mpaka karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ubaki na kelele bapa. Kumbuka pia kwamba spika ya simu haitoi vizuri besi nzito, hasa ya chini ya hezi 150. Mngurumo unaotikisa studio karibu hausikiki mkononi. Uongezee tabaka la hezi 200 hadi 400, kisha ujaribu kwenye simu ya kawaida, si kwenye spika zako.

Ufukweni Shela, kusi au kaskazi ikivuma, sponji ya maikrofoni haitoshi. Tumia kifuniko cha manyoya, na nyayo na pumzi uzirekodi upya ndani ya nyumba.

Mchana, ule ukanda wa mbingu juu ya kichochoro huungua, yaani hutoka mweupe tupu kwenye picha. Pima mwanga kwa sehemu angavu, nyuso ziingie kivulini, ndivyo taharuki inavyotaka. Rangi ya ubaridi itie kwenye vivuli peke yake. Ukiifunika picha nzima kwa buluu, ngozi nyeusi hugeuka majivu.

Kuna desturi moja ya filamu za kigeni isiyofaa kuigwa: kuweka adhana juu ya picha ya hatari, au mwanamke aliyevaa buibui awe ndiye kitisho. Kwa mtazamaji wa hapa adhana ni wito wa sala. Kuitumia hivyo kunamvunjia heshima, na taharuki yenyewe haiji.

Maandishi yasizidi maneno matano, yakae sekunde mbili. Mazungumzo ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yawekee tafsiri ya Kiswahili sanifu chini ya picha, mtu wa Nakuru asipotee. Damu iangalie pia: Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ikikupa alama ya 16 au 18, trela haitaoneshwa kabla ya filamu ya familia.

Ukimaliza, waoneshe watu watatu wasioijua hadithi, uwaulize nini kitatokea. Wakitofautiana, iache trela ilivyo. Wakikubaliana, na jibu lao ndilo la filamu, anza kukagua mazungumzo kabla ya picha. Mara nyingi siri huwa imetoboka kwenye sentensi moja ya mhusika.