Pamba kwenye nepi ya njiti

SWALI: Tuna njiti wa wiki 29, kilo 1.2, siku ya tatu ya jentamaisini (antibiotiki inayoweza kuumiza figo). Mkojo umepungua lakini kreatinini ya damu (taka inayochujwa na figo) haijapanda. Je, kipimo cha mkojo cha NGAL kitatuambia kama ni figo au maambukizi? Na mkojo wake tuukusanyeje?
Muuguzi, wodi ya watoto wachanga

JIBU: Kreatinini huchelewa. Figo ikiumia, huchukua siku moja hadi tatu kupanda, na katika siku hizi za mwanzo sehemu kubwa ya inayoonekana ni ya mama. NGAL ni protini inayomwagwa na mirija ya figo iliyoumia. Huonekana kwenye mkojo ndani ya saa chache.

Shida ni kwamba chembe nyeupe za damu nazo huimwaga zikipambana na vijidudu. Ikiwa juu, inaweza kuwa figo, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini), maambukizi ya njia ya mkojo, au vyote kwa pamoja. Tena njiti huwa nayo nyingi kuliko mtoto aliyetimiza miezi, na wa kike humzidi wa kiume. Kwa hiyo jibu la leo lilinganishe na la jana la mtoto huyohuyo. Namba moja peke yake haina maana kubwa.

Mfuko wa kubandika achana nao, utaondoka na ngozi. Weka vipande viwili vitatu vya pamba safi mbele, mbali na haja kubwa, na chini yake kipande cha plastiki, maana nepi ya jeli hunyonya kila kitu kabla ya pamba. Chungulia kila nusu saa. Ikilowa, chomoa kisukumio cha sirinji, tia pamba ndani, rudisha, kamua kwenye chupa, peleka friji. Ikiguswa na kinyesi, tupa. Mkojo huo haufai kuoteshwa vijidudu. Wa kuotesha utolewe kwa katheta au sindano juu ya kinena.

Nepi pimeni mara tu inapotolewa, joto la inkubeta huikausha. Gramu moja inayozidi uzito wa nepi kavu ni mililita moja, na pamba nayo ihesabiwe (wengi husahau, kisha mtoto anaonekana hakojoi). Kwa uzito wake, chini ya mililita 29 hivi kwa saa 24 ni dalili ya figo kuumia.

NGAL msiisubiri. Daktari aangalie leo nafasi kati ya dozi za jentamaisini, na kiwango chake kwenye damu kipimwe kabla ya dozi inayofuata.