Kubomoa nyumba ya mawe Lamu: kwa vijana mnaoanza kazi hii

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kubomoa hapa Lamu, kwanza jueni kwamba nyumba mnayoibomoa haisimami peke yake. Kule Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, ukuta mmoja wa matumbawe mara nyingi ni wa nyumba mbili: upande huu umeshika zidaka za mtu, yaani vishubaka vya ukutani, upande ule umebeba boriti za jirani. Juu ya kichochoro kuna wikio, chumba kilichovuka njia na kukalia kuta za pande zote mbili. Ukigonga nyundo unaigusa nyumba ya mtu ambaye hakukuajiri, na pengine yumo ndani amelala.

Msivutiwe na video za maghorofa yanayolipuliwa. Kweli, jengo la Bank of Lisbon pale Johannesburg, lenye urefu wa mita 108, liliangushwa kwa baruti Novemba 2019. Lakini Canberra, Australia, Julai 1997, hospitali ya zamani ililipuliwa watu wakitazama kutoka ng'ambo ya ziwa, na kipande kikaruka mamia ya mita kikamuua msichana wa miaka 12. Hata tingatinga, ambalo Malindi kwenye kiwanja cha wazi linafanya kazi nzuri, hapa halipiti. Vichochoro vyetu ni vya punda na mkokoteni. Na hata lingepita nisingelitaka, kwa sababu mtikisiko wake unalegeza chokaa ya zamani kwenye nyumba za jirani.

Kwa hiyo ni mtaimbo, tindo, nyundo na subira. Mnaanza juu mnashuka, kinyume cha alivyojenga fundi. Paa kwanza, kisha kuta za ghorofa ile mpaka usawa wa sakafu, halafu ndiyo mguse sakafu yenyewe. Boriti za mikoko hazibebi sakafu tu, zinazishika kuta mbili zisiachane. Kijana mwenye haraka huziondoa boriti zote za nyumba nzima kwa sababu zina bei, akabakiza kuta ndefu zimesimama bila kitu cha kuzishika. Ukuta wa namna hiyo unaniogopesha kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Juni 2013 huko Philadelphia, Marekani, wabomoaji waliacha ukuta wa ghorofa nne bila mhimili kando ya duka lililokuwa wazi. Ukaangukia duka, watu 6 wakafa siku ileile. Duka halikuwa sehemu ya kazi yao.

Kabla ya kukanyaga sakafu ya juu, igongeni boriti moja moja. Nzima hutoa mlio mkavu, iliyooza hutoa mlio mzito uliofifia. Chunguzeni pale inapoingia ukutani, maana unyevu hukaa hapo. Unaweza kuona boriti imenyooka vizuri katikati ya chumba, ukichoma ncha yake kwa bisibisi inaingia kama kwenye mkate. Hapo weka mihimili chini kabla mtu hajapanda, na usirundike kifusi juu yake hata kidogo.

Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Usitoe hata jiwe kabla hujakiona kwa macho yako kibali cha Makavazi ya Kitaifa na cha kaunti.

Kisha nenda kwa jirani. Nenda mwenyewe, piga hodi, usimtume kibarua. Muulize nani mgonjwa, nani ana pumu, kuna mtoto mchanga, birika la kuhifadhia maji ya nyumba liko wapi. Omba kupiga picha nyufa zilizoko tayari, na kwenye kila ufa mkubwa paka kibandiko chembamba cha plasta chenye tarehe. Kikikatika, ukuta unatembea, na kazi isimame siku hiyohiyo. Nimeona ugomvi wa miaka kati ya familia mbili za ukoo mmoja, kisa ufa ambao hakuna aliyeweza kuthibitisha ulikuwepo lini.

Vumbi ndilo linaloumiza watu wengi, na huumiza kimya kimya. Chokaa inachoma macho na koo, na mchanga wa plasta pamoja na saruji za marekebisho ya juzi una chembe zinazobaki mapafuni. Nyunyizeni kifusi maji kabla ya kukipakia, na kishusheni kwa karai au kwa kamba. Kukimwaga kutoka dirishani ni ukatili kwa mtaa. Maji yawe ya kisima, yasiyo na chumvi. Najua maji ni ya taabu hapa, lakini ya bahari yanaacha chumvi kwenye ukuta wa jirani, na chumvi itaimenya plasta yake. Angalieni upepo pia: wakati wa kusi vumbi huelekea kaskazini, kwa hiyo aliye upande huo aambiwe mapema afunge madirisha na aanue nguo. Shogi za punda zisijazwe kupita kiasi, na mifereji iwe wazi kila jioni. Njia isizibwe wakati wa sala, na jeneza likipita kila mtu aweke chombo chini.

Masika msifungue paa. Ndani ya kuta hizi kuna vipande vya mawe na udongo wa chokaa, na maji yakiingia kutokea juu, ukuta unavimba na kufumuka tumboni.

Mawe mazima yasafisheni myapange, yatajenga tena. Na msiondoke kabla ya kuutazama ukuta wa jirani ambao sasa uko nje. Kwa miaka mingi ulikuwa ndani ya nyumba, haukuwahi kunyeshewa. Zibeni matundu ya boriti kwa mawe na chokaa, upakeni plasta ya chokaa, na juu yake mfunike vizuri maji yasiingie. Saruji msitumie, kwa kuwa inafungia unyevu ndani na matumbawe yanaanza kulika nyuma yake. Mwenye nyumba akisema gharama hiyo haimhusu, iwe mmekwishaiandika kwenye mapatano tangu siku ya kwanza.