Visa vinanijia tele, riwaya haisongi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mchana nashona nguo, usiku naandika riwaya. Mhusika wangu ni mama anayeshona nyavu ufuoni Dunga. Ndugu yake mdogo ametoroka na pesa za chama chao cha akiba. Nilianza vizuri, lakini nilipofika sura ya nne visa vingine vikaniandama: kijana wa bodaboda aliyeokota simu inayolia kila usiku, mzee wa Kakamega na fahali wake wa kupigana, msichana aliyepanda meli asishuke. Simu yangu imejaa sauti nilizojirekodi. Usingizi umeniruka. Nikichagua kisa kimoja, naona nimevisaliti vingine. Nifanyeje?
Fundi wa Kondele

JIBU: Fundi wangu, pole kwa kukesha. Kilichonishika katika barua yako ni pale visa vilipoanza kukuandama: sura ya nne. Miswada mingi ninayoletewa hapa Nakuru hukwama papo hapo. Sura za mwanzo unamweka mtu mahali na kumtia taabani. Sasa mama wa Dunga hana budi kuamua: awaambie wanachama ukweli kuhusu ndugu yake, au alipe deni kimyakimya? Hapo ni pagumu, na akili ikiona ugumu hutafuta pa kukimbilia. Kisa kipya bado hakijakudai chochote, ndiyo maana kinapendeza hivyo.

Kisa kikikujia usiku, acha kurekodi. Andika daftarini sentensi moja: nani, anataka nini, anazuiwa na nini. Kisha lala. Msichana wa meli hapiti mtihani huo. Kutoshuka kwake ni fumbo zuri, ila sioni anachokitaka. Mzee wa Kakamega anapita, tena ni riwaya nzima, lakini atakudai uende Isukha au Idakho alfajiri, usikie ngoma za isukuti fahali wakipelekwa uwanjani. Huyo angoje.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyenifurahisha, kwa sababu naona ni wa hadithi hiihii. Simu aliyoiokota, tuseme stejini hapa Nakuru, ni ya yule ndugu mtoro. Anayepiga ni mama wa Dunga. Kwa nini usiku? Wewe ni mtu wa Kisumu, unajua wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hutoka na taa zao siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu omena hawaifuati taa sana. Basi mfanye mwezi ujae, boti zikae ufuoni, nyavu zilizochanika ziletwe kwake, naye awe macho, sindano mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nenda Dunga ukae na washonaji, uwaulize kazi hiyo huwa nyingi lini, halafu urekebishe.

Kuhusu kusaliti, nakuambia kwa moyo wangu wote: kisa kilichoandikwa daftarini hakiumii kikingoja. Anayeumia ni huyo mama uliyemwacha na deni la chama na wanachama mlangoni.

Wiki hii andika upande wa kijana. Ana abiria nyuma, simu inatetemeka mfukoni, jina kwenye kioo ni "Dada". Mpe sababu ya kupokea. Mzee wa Kakamega usimwandikie hata mstari mpaka simu hiyo ipokelewe, na sura ikiisha niletee niisome.