Bandika, bandua: fosfeti na wapagazi wa seli

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha biolojia sekondari hapa Bagamoyo. Kitabu ni cha Kiingereza, ila nikitaka wanielewe hufafanua kwa Kiswahili. Tumekwama kwenye protini zinazobeba mizigo ndani ya seli na namna fosfeti (kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni) inavyoziongoza. Wengine husema protini "imefosforilishwa", wengine "imetiwa fosfeti". Fosfeti ikiondolewa ndiyo balaa: nimesikia "imedifosforilishwa". Tuseme lipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hilo la mwisho liacheni. Kukopa si dhambi, lakini kwa kutengua tendo Kiswahili kina njia yake ya tangu zamani: -ika huweka, -ua huondoa. Anika, anua. Funika, funua. Na hapo hapo kuna bandika na bandua, ambayo kwa kazi yenu naona yanatosha kabisa.

"Kutia" nalikubali shingo upande. Chumvi ukishaitia mchuzini hutaitoa tena. Fosfeti haiko hivyo. Kimeng'enya kiitwacho kinasi huibandika mahali maalumu kwenye protini, mara nyingi kwenye asidi amino (vipande vinavyoijenga protini) za serini, threonini au tairosini. Kingine, fosfatasi, huja kuibandua. Kazi hiyo haikomi: bandika bandua, kama jikoni siku ya shughuli.

Sasa wabebaji wenyewe. Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 katika neva nene ya ngisi, mnyama ambaye wanafunzi wako wanamjua kutoka soko la samaki. Hutembea juu ya mikrotubuli, vijibomba vya protini vilivyo kama barabara za seli, kwa hatua za nanomita 8, kila hatua ikila molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Kwenye neva huelekea ncha ya mbali. Mwenzake, dainini, hurudi upande wa kiini cha seli. Ukoo mzima uiteni "protini mota", kwa sababu miosini ya misuli imo humo na yenyewe huvuta tu, haichukui mzigo. Lakini kinesini na dainini ni wapagazi hasa, na mji wenu hauhitaji kufundishwa neno hilo.

Mpagazi hutwikwa mzigo, kisha hutua. Msiseme kinesini "imebwaga", hata kama jina la mji linawavuta huko: kubwaga ni kutupa kwa kishindo. Semeni imetua, kama tunavyosema kumtua mama ndoo kichwani. Ila kitajeni kinachotuliwa. Ukiandika "kinesini imetua" peke yake, msomaji atadhani imeshuka juu ya mikrotubuli, kama ndege uwanjani. "Imetua mzigo" haina utata.

Jihadharini pia na sentensi niliyoiona kwenye daftari moja: "fosfeti huzima kinesini." Inategemea imebandikwa wapi. Kinasi iitwayo GSK3 ikibandika fosfeti kwenye minyororo myepesi ya kinesini, upande unaoshika mzigo, mpagazi hutua mzigo. Nyingine, JNK3, hubandika kwenye kichwa chake, na jina lisiwadanganye, kichwa cha kinesini ndicho mguu wake. Hapo hushindwa kuishika njia vizuri. Matokeo ni mamoja, mzigo haufiki, lakini vitenzi ni viwili tofauti: mmoja ametua, mwingine ameteleza. Halafu kuna hantingtini, protini inayowaunganisha wapagazi na mizigo yao. Ikibandikwa fosfeti kwenye serini iliyo nafasi ya 421, safari huelekea zaidi ncha ya neva; fosfeti isipokuwepo, dainini hurudisha mzigo nyuma. Hapo hakuna kilichozimwa, safari imegeuzwa tu. Kwa hiyo andikeni "huongoza", kisha mtaje fosfeti imekaa wapi.

La mwisho ni la masikio. Kinasi na kinesini zote zimetokana na neno la Kigiriki la kusogeza, lakini kinasi haibebi kitu. Ukiwa unasoma imla, tamka silabi ya pili polepole, la sivyo nusu ya darasa itamtwika mzigo mbandikaji.