Picha ya VR inakwama: nipandishe kifurushi au ninunue kadi mpya?

SWALI: Nina miwani ya VR (uhalisia pepe) aina ya Quest 2, ya mtumba, na laptopu yenye kadi ya michoro ya RTX 3060. Nacheza gemu za mbio za magari kupitia Virtual Desktop, programu inayorusha picha ya laptopu hadi kwenye miwani kwa Wi-Fi. Picha inakwama kila baada ya sekunde chache, namba za dashibodi zina ukungu, na baada ya dakika kama kumi kichefuchefu kinaanza. Ruta ya fiba iko sebuleni. Laptopu iko chumbani na nimeivutia waya. Fundi mmoja anasema nipandishe kifurushi kutoka Mbps 20 hadi 50, mwingine anasema kadi ni dhaifu. Nimsikilize nani? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sasa usimsikilize yeyote, na hela ikae mfukoni.

Kifurushi hakihusiki kabisa. Laptopu inachora picha, inaibana kuwa video, video inapita kwenye waya hadi kwenye ruta, na ruta inairusha kwa Wi-Fi hadi kwenye miwani. Safari yote inaishia ndani ya nyumba yako. Ukilipia hata Mbps 200, picha itakwama vilevile.

Swali la kadi tunaweza kulimaliza jioni moja. Sakinisha programu ya Meta, watengenezaji wa miwani hii, kwenye laptopu, unganisha miwani kwa waya wa USB-C, kisha ucheze gemu ileile kwenye barabara ileile kwa 72 Hz (picha 72 kwa sekunde), laptopu ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Hilo la umeme si dogo: laptopu ikitumia betri, kadi hupunguziwa nguvu na jaribio lote linaharibika. Waya si lazima uwe wa bei kubwa. Hata USB 2.0, yenye kikomo cha Mbps 480, inatosha ukiweka video kwenye Mbps 150, mradi waya uwe unapitisha data. Baadhi ya nyaya za chaja za simu hupitisha umeme tu.

Picha ikitulia kwenye waya, kadi haina kosa na tatizo liko kwenye mtandao. Ikiendelea kukwama, rudi kwenye kadi kama nitakavyoeleza chini. Kwa dalili ulizozitaja, dau langu naliweka kwenye mtandao, tena kwenye sehemu moja ambayo watu wengi hawaitazami: ule waya uliouvuta kutoka sebuleni.

Kwenye Windows fungua Settings, Network & internet, kisha Ethernet, utafute mstari wa Link speed (kasi ya waya, kwa Mbps). Ukikuta 1000/1000, waya uko salama. Ukikuta 100/100, mchawi umempata. Njia ya Mbps 100 hupitisha takriban 94 za kweli, nawe huenda umeiagiza Virtual Desktop itume 120 au 150. Data inapanga foleni, nyingine inatupwa, na macho yako yanaona picha iliyoganda.

Mara nyingi sababu huwa ni mojawapo ya mbili. Baadhi ya ruta zinazogawiwa na watoa huduma wa fiba zina matundu ya LAN (ya kuchomeka waya) ya Mbps 100 tu. Geuza ruta usome kibandiko au utafute modeli yake. Sababu ya pili ni kichwa cha waya. Mbps 100 hutumia nyuzi nne pekee, zile za namba 1, 2, 3 na 6, lakini Mbps 1000 inadai zote nane. Fundi akibana kichwa vibaya, uzi mmoja tu wa namba 4, 5, 7 au 8 ukakosa kugusa, intaneti itafanya kazi bila lawama ila kasi itashuka hadi 100. Chungulia kichwa kwenye mwanga: kila uzi lazima ufike hadi mwisho wa plastiki. Kubana kichwa kipya cha RJ45 kwenye waya wa Cat5e ni kazi ya dakika tano.

Kama tundu la ruta ndilo dogo, usibadilishe ruta ya fiba. Nunua ruta ndogo ya Wi-Fi 5 au Wi-Fi 6 yenye matundu ya gigabiti, iweke kwenye hali ya access point (isambaze Wi-Fi tu, intaneti ibaki kazi ya ruta ya fiba), iunganishe na ule waya wa sebuleni, na uiweke chumbani unamochezea. Laptopu iingie kwake kwa waya, na miwani peke yake ishike Wi-Fi yake. Simu na televisheni zibaki kwenye ruta ya zamani. Tumia masafa ya 5 GHz, chaneli 36 hadi 48, upana wa 80 MHz. Masafa ya 2.4 GHz yasahau kwa kazi hii. Wala usiiache ruta hiyo mpya sebuleni: 5 GHz hupoteza nguvu nyingi kwenye ukuta wa tofali.

Sasa kadi. Kwa 90 Hz laptopu ina milisekunde 11.1 tu kumaliza kila picha; kwa 72 Hz inapata 13.9. Kwa kadi ya laptopu, gemu za magari zenye washindani ishirini barabarani ni mzigo mzito, hivyo anza na 72 Hz na ubora wa Medium ndani ya Virtual Desktop. Zima chaguo la Spacewarp la Virtual Desktop wakati wa kupima, kwa sababu inaiacha gemu ichore nusu ya fremu (picha moja moja) na kubuni zilizobaki; hapo hutajua kadi inaweza nini, na usukani unaweza kuonekana kama unatetemeka kingo zake. Kwenye gemu yenyewe punguza kwanza vivuli na vioo vya pembeni. Ndivyo vinavyokula zaidi, na ukiwa kwenye kona huvitazami.

Kuhusu ukungu: umbali kati ya lenzi za Quest 2 una nafasi tatu tu, 58, 63 na 68 mm. Simama mbele ya kioo, pima kwa rula kutoka katikati ya mboni moja hadi nyingine. Chini ya 61 tumia nafasi ya kwanza, 61 hadi 66 ya pili, zaidi ya hapo ya tatu. Kisha pandisha na kushusha miwani usoni mpaka namba zitoke kali. Mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, si juu yake. Kwa kuwa ni ya mtumba, kagua pia lenzi kama zina mikwaruzo ya miwani ya macho, na skrini kama ina madoa ya jua. Lenzi hizo zikielekea dirishani hukusanya mwanga wa jua na kuunguza skrini, na doa hilo halitoki.

Kichefuchefu kwa sehemu kubwa kitapungua picha ikiacha kukwama. Gemu nyingi za magari zina chaguo la kufungia upeo wa macho usiyumbe na gari; liwashe. Elekeza feni usoni. Ukianza kuhisi joto au jasho jembamba, vua hapohapo. Kulazimisha kumalizia mzunguko huongeza tu muda utakaokaa na kizunguzungu baadaye.