Hela ya dharura ya ghorofa inaishia chini, sio juu

Tulivyoanza ghorofa nane pale Upanga, Dar es Salaam, mimi na wenzangu wawili, QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) alituwekea asilimia 5 ya gharama iwe ya dharura na mimi ndo nilikuwa wa kwanza kusema ipunguzwe, nikaona hiyo ni hela ya watu kula tu. Tukaacha asilimia 2. Ilikwisha hata kabla hatujatoka shimoni.

Upanga maji ya ardhini hayako mbali na sisi tulitaka paking chini ya ardhi. Kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) kuvuta maji kuliandikwa mstari mmoja, siku 10, basi. Halafu tukaanza kuchimba mwezi wa tatu, masika hiyo inapiga hodi, mpaka leo najiuliza tulikuwa na akili gani. Siku moja saa kumi na moja alfajiri mlinzi ananipigia, "Dada, pampu imezima, maji yameshafika kwenye nondo." Nafika nakuta nondo za msingi zimesimama kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndala ya fundi inaelea pembeni. Kuanzia hapo zikawa pampu mbili, moja inavuta moja inasubiri, dizeli usiku na mchana, na huwezi kusema Jumapili tupumzike maana ukizima tu maji yanarudi. Siku 10 zikawa wiki 7.

Na ukivuta maji yako unavuta na ya jirani, udongo wake unashuka. Ukuta wa mzee wa pembeni ukachanika, akaja anadai na nyufa ambazo mimi naamini zilikuwepo toka zamani, ila ushahidi sina, tukalipa zote. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia kabla hujagusa koleo piga picha kuta zote za majirani, wao wenyewe wakiwepo na mjumbe, wasaini. Ni kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo mimi ningeweka asilimia 10, na sio kuigawa sawa kila floo. Nusu yake nzima iwe ya chini ya ardhi, kwa sababu huko ndo hujui kitu, na hata kupima udongo usikubali katundu kamoja ka kona moja. Ukishamwaga slabu ya chini, hapo unaweza kuanza kupumua.

Juu mshtuko wetu ulikuwa lifti tu, bei ni ya dola na inachukua miezi kufika, shilingi ikiteleza katikati imekula kwako. Mengine watu wanaita dharura lakini ni kusahau: transfoma (nenda TANESCO, shirika la umeme, mapema, laini ya mtaa haibebi ghorofa nane), mfumo wa zimamoto, pampu ya zege mkishapanda, kupima kyubu za zege (vipande vya kupimia nguvu yake) siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwaga. Hivyo vyote vinajulikana toka siku ya kwanza, vipangie hela yake.

Hela ilivyokata, mkandarasi akaja na wazo eti tushushe saizi ya nondo kwenye nguzo za juu, "huko mzigo mdogo". Inawezekana ni kweli, ila injinia ndo aseme na asaini, sio mtu anayetafuta kufidia dizeli. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa, na pale sio mbali na kwetu. Tukakataa. Tukakata kwenye tailzi, madirisha na jipsamu, ghorofa mbili za juu zikakaa zege tupu karibu miaka miwili mpaka kodi za chini zilipozimalizia. Wapangaji walikuwa wanauliza mbona juu giza, nawaambia bado tunajenga.

Ile pampu ya pili sijaiuza, ipo stoo, na kila masika mlinzi anashuka na tochi kuangalia shimo la lifti.